Aliye nacho anapoongezewa kwa kodi ya maskini



Machi 2022, serikali ya Jimbo la New York nchini Marekani na Kaunti ya Erie zilikubaliana na klabu ya Buffalo Bills kujenga uwanja mpya. Klabu hiyo hucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, katika ligi iitwayo NFL. Fedha za umma katika mapatano hayo zilikuwa dola milioni 850: milioni 600 kutoka jimboni na milioni 250 kutoka kwenye kaunti. Mmiliki wa klabu, Terry Pegula, ni bilionea aliyetajirika kwa gesi asilia. Mwaka 2014 yeye na mkewe waliinunua klabu kwa dola bilioni 1.4. Na Buffalo ni mji ambao kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa miji ya Marekani yenye watoto wengi wanaoishi katika umaskini.

Tuwe waadilifu. Klabu na ligi nazo zilitoa sehemu yao, na gharama zilipopanda kupita makadirio ya mwanzo, ziada iliangukia klabu. Hakuna aliyeiba. Mapatano yalipitishwa na viongozi waliochaguliwa na wananchi, kwa kufuata sheria. Kwa sababu hiyo hasa yanatuhusu sisi tunaokwenda kusali leo. Wizi una polisi na mahakama. Lakini jambo baya lililo halali halina wa kulihukumu ila dhamiri.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamsimulia mfalme Daudi habari za watu wawili wa mji mmoja. Tajiri alikuwa na makundi ya kondoo na ng'ombe. Maskini alikuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyelelewa nyumbani pamoja na watoto wake. Tajiri akapata mgeni. Hakugusa zizi lake mwenyewe. Alimchukua mwanakondoo wa maskini akamwandalia mgeni. Angalieni kosa lilipo. Nathani hamlaumu tajiri kwa kuwa na mifugo mingi, wala kwa kumkirimu mgeni. Kosa ni kwamba karamu ni yake, uwezo wa kuilipia anao, lakini gharama ameitupia zizi la mwingine.

Mtu atauliza: mbona miji inakubali? Jibu ni tisho. NFL ina klabu 32 tu, na wamiliki wenyewe ndio wanaoamua idadi hiyo na nani aingie. Miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zilizopo. Basi mmiliki akitaka uwanja mpya, inatosha kudokeza kwamba mji mwingine unamwita. Si maneno matupu. Raiders waliondoka Oakland wakahamia Las Vegas mwaka 2020, baada ya Jimbo la Nevada kuwatengea dola milioni 750 kutoka kwenye kodi ya vyumba vya hoteli. Oakland ilibaki ikishirikiana na kaunti yake kulipa deni la kukarabati uwanja, ukarabati uliofanywa mwaka 1995 kuwarudisha Raiders haohao. Timu ilikwenda, deni likabaki.

Hapo ndipo ninapoona jeraha kubwa kuliko hata fedha. Mapenzi ya watu kwa timu yao ni kitu chema. Babu alishangilia rangi hizo, baba akashangilia, mtoto anavaa jezi hiyohiyo. Hakuna mmiliki aliyenunua mapenzi hayo, aliyakuta. Anapoyatumia kama amana ya kukomboa kwa fedha za umma, anawauzia watu upendo wao wenyewe.

Watetezi wa ruzuku hizi husema uwanja utaleta ajira na kodi, na kila mtu atanufaika. Ingekuwa hivyo, mjadala ungekwisha. Lakini tangu miaka ya 1990 wachumi, wakiwamo Roger Noll na Andrew Zimbalist waliohariri kitabu kizima juu ya suala hili mwaka 1997, wamechunguza viwanja vingi na kukuta kwamba faida iliyoahidiwa haionekani. Sababu yake mama yeyote mwenye kupanga bajeti ya nyumba anaielewa. Familia iliyotumia fedha zake uwanjani Jumapili haitazitumia tena kwenye mgahawa wa mtaani wiki hiyo. Fedha zimehama mfuko, hazikuongezeka. Tena timu ya mpira wa Kimarekani hucheza nyumbani mechi kumi hivi kwa mwaka. Siku nyingine jengo hukaa likisubiri tamasha.

Kwa Kiswahili fedha hizi tunaziita ruzuku, na neno hilo ni ndugu wa riziki. Mungu huruzuku viumbe vyake: humpa asiye na kitu ili aishi. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba jumuiya kubwa ipo ili kuisaidia iliyo ndogo pale inapoelemewa, bila kuinyang'anya kazi yake. Neno la Kilatini alilolitumia kwa msaada huo ni subsidium, ambalo zamani liliwataja askari wa akiba waliosimama nyuma, tayari kuwasaidia wenzao waliozidiwa vitani. Hiyo ndiyo njia ya msaada wa haki: unatoka kwenye nguvu kwenda kwenye udhaifu. Katika mikataba hii unapanda mlima. Muuza duka na mfagiaji wa hospitali wanakuwa askari wa akiba wa bilionea. Wengine husema aliye nacho huongezewa, kana kwamba Bwana alibariki jambo hili. Mfano wa talanta unamdai kila mtumishi hesabu ya alichokabidhiwa; haumruhusu mwenye talanta tano kuchukua ya jirani.

Je, watu hawana la kufanya? Aprili 2024, wapiga kura wa Kaunti ya Jackson, Missouri, waliulizwa kama waendelee kutoza kodi ya mauzo kwa miaka 40 kwa ajili ya viwanja vya timu mbili za Kansas City. Asilimia kama 58 walikataa, ingawa moja ya timu hizo, Chiefs, ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa nchi miezi miwili tu kabla. Waliipenda timu na wakakataa mkataba. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja. Lakini mwaka huohuo jimbo jirani la Kansas lilipitisha sheria ya kuzivuta timu hizo kwa kugharimia hadi asilimia 70 ya uwanja mpya. Ndugu wakishindana kumpa tajiri, mshindi ni tajiri.

Ipo njia nyingine. Katika mji mdogo wa Green Bay, Wisconsin, klabu ya Packers imekuwa mali ya wananchi tangu 1923. Wenye hisa ni zaidi ya laki tano, hawapati gawio, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuihamisha. Hata huko kodi imewahi kutumika kukarabati uwanja, kwa kura ya wananchi. Tofauti ni kwamba walichokigharimia kinabaki kwao.

Mpendwa msomaji, AFCON ya 2027 imekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na nchi zetu zimeingia katika ujenzi wa viwanja kwa fedha za umma. Viwanja vya taifa si sawa na kumjengea bilionea, na sioni dhambi taifa kujijengea mahali pa kufurahi. Hata hivyo maswali mawili tunayo haki ya kuyauliza, hapa na kokote serikali inapoungana na mfanyabiashara: faida ikipatikana ni ya nani, na hasara ikitokea inabebwa na nani? Mkataba unaojibu kwamba faida ni yake na hasara ni yetu, Nathani ameshauhukumu.

Lakini Daudi alipoisikia hadithi alimkasirikia sana yule tajiri, mpaka alipoambiwa kwamba ni yeye mwenyewe. Ni rahisi kuwakasirikia matajiri wa Marekani tukiwa hapa. Mwajiri anayechelewesha mshahara wa dada wa kazi ili amalizie paa la nyumba yake, au mwenye duka anayemkata mfanyakazi hasara ya biashara lakini hamgawii faida, anaandaa karamu ileile kwa mwanakondoo wa mwingine. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kilio cha ujira uliozuiliwa kinamfikia Mungu.

Leo baada ya Misa, kabla hatujazungumzia matokeo ya mechi za jana, tuhesabu kwanza kama kuna mtu anayelipia karamu yetu. Kama yupo, tumrudishie kabla jua halijazama.