Ushirikiano Bila Injini

Neno ushirikiano limekuwa jepesi mno katika taarifa za serikali. Nchi ikinunua helikopta za kivita siku hizi haisemi imenunua. Inasema imeingia ushirikiano wa viwanda vya ulinzi. Sisi tunaona neno hilo lipimwe kwanza, na kipimo kizuri ni T129 ATAK ya Uturuki.

Mwaka 2007 Uturuki ilitia saini mkataba na AgustaWestland ya Italia. Waitaliano walikuwa na helikopta yao ya mashambulizi, A129 Mangusta, iliyoruka mara ya kwanza 1983 na isiyopata mteja nje ya Italia. Waturuki hawakutaka kuletewa chombo kilichokwisha kuundwa. Walitaka kiundwe Ankara na kampuni yao ya TAI, kompyuta zitoke Aselsan, makombora yatoke Roketsan, na wapate haki ya kuwauzia wengine. Wakapata. Hapo kila upande ulitoa kitu na kupata kitu, na hatuoni shida kuuita huo ushirikiano.

Tatizo ni injini. ATAK huruka kwa injini mbili za LHTEC, ubia wa Honeywell ya Marekani na Rolls-Royce. Mwaka 2018 Pakistan iliagiza ATAK 30 kwa dola bilioni 1.5 hivi. Ili Uturuki iuze, ilibidi Marekani itoe kibali cha injini, na wakati huo Washington na Ankara walikuwa wamekosana juu ya mitambo ya S-400 ya Urusi. Kibali hakikutoka. Pakistan ikangoja, ikaongeza muda, ikangoja tena, mwishowe ikageukia Z-10 za China. Saini ya Marekani haikuwamo katika mkataba ule, lakini ndiyo iliyoamua. Ufilipino nayo iliagiza 6, kibali kikatoka, na za kwanza zikafika 2022. Injini ni ile ile; aliyebadilika ni mnunuzi.

Wapo watakaosema basi Waturuki walijidanganya, bora wangenunua tu na kuokoa muda. Hatukubaliani nao. (Wala hatushangilii silaha, anayepigwa na helikopta haulizi iliundwa wapi.) Asiyeunda chochote hata hajui ni kipande gani kinachomfunga. Waturuki walikijua, wakaenda kukitengeneza.

Kwa hiyo serikali yoyote, zetu zikiwamo, ikitangaza ushirikiano wa namna hii, tusianze kwa kuuliza ajira ngapi zitapatikana au nani alikata utepe. Tuulize injini ni ya nani, na kibali chake hutolewa katika mji gani. Wenzetu wa uhandisi wanaweza kuuliza hayo vizuri kuliko waandishi wengi wa habari.

Injini ya Kituruki, TS1400, iliruka 2023 katika helikopta nyingine, Gökbey. Tangu mkataba wa Italia ilikuwa imepita miaka 16.