Njozi Si Kuona Mbali

Miongoni mwa fadhila tisa wanazofundishwa wafuasi wa Ár nDraíocht Féin, jamii ya Wadruidi wa kisasa iliyoasisiwa Marekani na Isaac Bonewits mwaka 1983, imo fadhila ya kuona mbali. Imewekwa kati ya uchaji na ushujaa, wala mahali pake si pabaya. Lakini wapo waielezao kana kwamba ni kipaji cha waaguzi: mtu hufumba macho msituni, hujiwa na njozi, kisha huinuka akiitwa mwenye maono. Maelezo hayo yaiharibu fadhila yenyewe. Kipaji hakina lawama. Asiyejaliwa sauti nzuri haitwi mwovu. Fadhila ni jambo ambalo mtu aweza kulitimiza au kulikosa, na akilikosa hulaumiwa. Ikiwa kuona mbali ni kuota tu, basi na kuondolewe katika orodha, waachiwe wapiga ramli.

Autazame mtu mfano wa Edward Williams, mwashi wa Wales aliyejiita Iolo Morganwg. Mwaka 1792 aliwakusanya washairi juu ya Primrose Hill, London, akaongoza ibada aliyodai kuwa imerithiwa tangu kwa Wadruidi wa kale. Haikurithiwa. Aliitunga mwenyewe, kama alivyotunga mashairi akayapachika majina ya washairi waliokwisha kufa zamani, na hila hiyo haikufichuliwa sawasawa mpaka karne ya 20, kwa juhudi za mtaalamu G. J. Williams. Watetezi wake husema: yatazameni matunda; tangu 1819 baraza lake la washairi, Gorsedd, limeshikamana na tamasha la Eisteddfod, na lugha ya Kiwelisi yapata heshima humo hata leo. Matunda yapo, hapana ubishi. Ila yamekuzwa na watu waliotunga kwa lugha yao kizazi baada ya kizazi, si na nasaba ya uongo. Tena Iolo hakuwa mjinga. Aliyajua maandiko ya kale ya Wales kuliko wengi wa zama zake. Alikuwa na macho, akachagua kuwafumba wenziwe yao. Uzuri wa njozi yake (na ilikuwa nzuri) haumtoi katika lawama hiyo.

Wanafunzi wa Carleton College, Minnesota, walishika njia nyingine. Mwaka 1963 walianzisha Udruidi wao kwa nusu ya mzaha, kupinga sharti la chuo la kuhudhuria ibada. Sharti likafutwa mwaka uliofuata. Mzaha, ajabu, ukabaki ukawa dini kwa baadhi yao, nao hawakuficha kwamba umezaliwa jana. Bonewits alipitia humo kabla ya kuanzisha jamii yake.

Julius Caesar aliandika kwamba wanafunzi wengine wa Wadruidi wa Galia walikaa masomoni miaka 20, na kwamba mafundisho yao hayakuruhusiwa kuandikwa. Basi yalikwenda na wenyewe. Mdruidi wa leo asiyekubali kulitazama pengo hilo, ataonaje yaliyo mbele yake? Mwanafunzi wa jamii ya Bonewits hutakiwa kuandika insha juu ya kila fadhila. Hiyo ya kuona mbali ingefaa imwulize kwanza ni lipi katika ibada yake limethibitishwa, lipi limetungwa, na mtungaji ni nani.