Mpiga Gita Naye Ana Jina

Watu wangu wa Mombasa, leo sina vichekesho. Nina neno moja na sitazunguka: wimbo ukitoka bila jina la mpiga gita, kuna mtu amedhulumiwa. Hata kama alilipwa siku ile ile studio.

Chukua "Malaika". Fadhili William aliirekodi na Jambo Boys. Miaka zaidi ya sitini tunabishana nani aliyeitunga, na kila mzee ana jibu lake. Sasa uliza: hao Jambo Boys walikuwa kina nani? Nani alishika gita? Baraza zima kimya.

Haya, njoo kwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Ikipigwa hapa Ganjoni usiku, watu washainuka kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Kinachowainua ni lile gita la rithimu la Profesa Omar Shabani, na besi ya Tom Malanga chini yake. Omar alikuwa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakapitia hapa Mombasa kabla ya kwenda Nairobi. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakatoka, na Les Wanyika ikazaliwa. Wapigaji wakihama, muziki unahama nao. Lakini jaribu kumuuliza kijana wa rika langu Omar ni nani.

Fundi Konde, mtoto wa Pwani hii hii, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Yeye tunamkumbuka, alhamdulillahi. Lakini aliimba pia. Angekuwa mpigaji tu, sidhani.

Na si sisi peke yetu. Kule Detroit, wapigaji wa Motown walipiga vibao vilivyozunguka dunia nzima, majina yao hayapo kwenye jalada. Ilikuwa mpaka 1971, kwenye "What's Going On" ya Marvin Gaye, ndipo wakaandikwa. Kuandika majina hakukuiharibu ile albamu, ama?

Najua mtaniambia: "Si alipewa chake? Mwashi akijenga nyumba haandiki jina ukutani." Sawa. Lakini nyumba ukishajenga haikuletei simu za kazi kutoka Nairobi na Dar. Mpiga gita anaitwa kazi kwa jina lake. Ukilificha, umemfungia riziki ya kesho kwa hela ya leo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua haki za mtunzi, na inatambua pia haki za mtumbuizaji, yaani yule aliyeimba au kupiga ala. Ndiyo maana kukawa na PRISK, mbali na MCSK ya watunzi. Sasa niambie, wimbo ukichezwa redioni na jina lako halijaandikwa popote, utaenda kudai kwa ushahidi gani? Kwamba vidole ni vyako?

Ninachotaka ni kidogo, na hakina gharama.

Msanii, ukipandisha wimbo YouTube, pale chini kwenye maelezo kuna nafasi tele. Umemshukuru mwenye gari, umemshukuru aliyekuazima miwani. Andika gita: fulani. Besi: fulani. Kinanda: fulani.

Mwenye studio, weka daftari. Tarehe, wimbo, nani alipiga nini, sahihi. Dakika mbili.

Na wewe mpiga gita, acha aibu. Kabla hujachomeka waya, uliza jina lako litaandikwa wapi. Wakikununia, afadhali wanune mapema.

Sisi mashabiki tuna kazi pia. Hapo kwenye komenti, nitajie mpigaji mmoja, wa bendi ya hotelini, wa taarab, wa kanisani, yeyote aliyekutangulia au unayemsikia sasa, na wimbo aliopiga. Nitakusanya niandike orodha. Waimbaji msiniletee, hao tunawajua.