Rekodi za programu zibanwe, zisifutwe

Mteja akilalamika kwamba amekatwa pesa mara mbili kwa muamala mmoja, dirishani huambiwa, "Mfumo unaonyesha kila kitu kiko sawa." Mimi ni mmoja wa wanaokaa nyuma ya mfumo wa aina hiyo, naandika programu za chama cha akiba na mikopo, na nasema wazi: mara nyingi anayejibu hivyo hana ushahidi. Rekodi ya hatua ambazo programu ilipita siku ile imeshafutwa.

Hufutwa kwa sababu ni kubwa mno. Prosesa ya leo hutekeleza mabilioni ya maagizo kwa sekunde. Hata ukirekodi sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, diski inajaa upesi. Basi wakubwa huamuru zifutwe baada ya siku chache. Malalamiko nayo huja mwisho wa mwezi, mtu anapokagua salio.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1997 Craig Nevill-Manning na Ian Witten walichapisha mbinu iitwayo Sequitur: jozi ya alama ikijirudia hupewa jina moja, na majina hayo yakijirudia pamoja nayo hupewa jina. Mwaka 1999 James Larus aliitumia kubana njia nzima ambayo programu hupita inapofanya kazi. Faili hupungua sana, hakuna hatua inayopotea, na unaweza kulichambua bila kulifumua.

Chukua seva ya malipo. Pokea ombi, hakiki salio, kata pesa, tuma risiti. Pokea, hakiki, kata, tuma, kutwa nzima. Mfululizo huo ukishakuwa jina moja, kinachobaki kikionekana ni kile kisichofanana nao. Niliwahi kukiona kwenye skrini yangu: pokea, hakiki, kata, kata, tuma. Mtandao ulikatika pesa ikiwa imeshatoka, programu ikajaribu upya bila kuuliza. Kwenye rekodi ghafi, mstari huo ungezama kati ya mamilioni ya mistari mizima.

Wenzangu wengine hutetea sampuli, tukio moja katika kila elfu. Sampuli inafaa ukitaka kujua programu inachelewa wapi. Aliyekatwa mara mbili haimsaidii, maana tukio lake ni moja na huenda sampuli ikalipita.

Kubana kunakula muda wa prosesa, sikatai. Kazi hiyo ipelekwe kwenye mashine ya pembeni. Na zitunzwe hatua za programu pamoja na namba ya muamala, bila majina wala namba za simu za watu.

Wasimamizi wa huduma za malipo waweke sharti: rekodi iliyobanwa itunzwe mpaka muda wa mteja kulalamika uishe. Mama muuza samaki akifika dirishani na risiti yake, afunguliwe muamala huo na asomewe hatua kwa hatua pesa yake ilipopita.