Cheti cha Anayeajiri
Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya mwaka 2012 inamtaka kila anayeifanya kazi hiyo nchini Kenya awe na cheti kinachohuishwa kila mwaka, hata akiwa mtumishi wa serikali. Naiunga mkono kwa moyo wote. Anayechambua mamia ya maombi kwa nafasi tatu za uuguzi ameshika riziki za watu. Sheria ya Serikali za Kaunti, ya mwaka huohuo, inataka katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti awe katibu aliyethibitishwa kitaaluma. Kwa wajumbe wa bodi hiyo wanaowahoji waombaji, taaluma yoyote inakubalika. Hapo ndipo panaponikera. Tazama fomu ya alama: kila mjumbe anapaswa kuijaza peke yake, mwombaji akishatoka tu, kabla wenzake hawajasema neno. Ikijazwa jioni, baada ya simu ya mheshimiwa, alama zote hufanana. Cheti pekee hakimzuii mla mlungula, ila kinampa afisa mdogo kauli ya kukataa: nikitia saini hapa, nitafutiwa cheti changu. Wajumbe nao wapewe mafunzo ya kazi hiyo ya kuajiri, na wapimwe, kabla ya kuketi kwenye usaili wao wa kwanza.