Fahari ya Macho

Aghalabu mtu asikiapo kwamba hadithi moja imetengenezewa filamu kwa gharama ipitayo dola milioni 500, hudhani, wala dhana yake si ya kulaumiwa, kwamba katika mali yote hiyo halikukosekana fungu la kumlipa mwandishi akae kitako, aandike, afute, kisha aandike tena mpaka kisa kisimame kwa miguu yake. Filamu tatu za The Hobbit, alizozitengeneza Peter Jackson huko New Zealand na zikatoka tangu 2012 hata 2014, zaonyesha kuwa dhana hiyo yaweza kuwa batili.

Kitabu chenyewe, alichokiandika J.R.R. Tolkien kwa ajili ya watoto na kikachapwa 1937, ni kimoja, tena si kinene: Bilbo, mtu mfupi mpenda raha na chai, atolewa nyumbani kwake na mchawi na vibeti 13 kwenda kurejesha hazina iliyoporwa na joka. Iliazimiwa ziwe filamu mbili; mwaka 2012, kazi ya kupiga picha ilipokuwa imekwisha kwa sehemu kubwa, likatangazwa shauri la kuzifanya tatu, na hadithi ikatiwa maji kama uji uliofikiwa na wageni.

Insafu yataka lililo jema litajwe. Joka lile, Smaug, ni kazi ya ufundi adhimu: filamu ya kwanza yaishia kwa jicho lake likifumbuka katikati ya sarafu, na mtazamaji hujikuta amezuia pumzi. Lakini tazama litendwalo nalo baadaye. Karibu na mwisho wa filamu ya pili, vibeti wanawasha matanuri ya kale, wanayeyusha dhahabu, wanaimimina katika kalibu ya sanamu kubwa mno, sanamu inapasuka, na joka linafunikwa na gharika ya dhahabu ya moto. Kisha linainuka, linajikung'uta, linaruka kwenda kuuteketeza mji wa ziwani, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuliazimia kabla ya kumwagiwa dhahabu hiyo, kwa sababu ulimi wa Bilbo uliteleza. Hayo hayamo kitabuni, na yakiondolewa hakipungui kitu. Filamu ya tatu inapoanza, joka linauawa hata kabla jina la filamu halijaonekana, na yanayobaki ni vita, vita na vita, ilhali Tolkien alimpiga Bilbo jiwe la kichwa akazirai, akaamka mambo yamekwisha. Wahenga walinena kuwa fahari ya macho haifilisi duka. Hapa imefilisi hekaya.

Na mahali palipo bora kuliko pote katika filamu hizi hapana jeshi wala moto. Ni pangoni, gizani, Bilbo na kiumbe aitwaye Gollum wakitegeana vitendawili kwa sharti kwamba Bilbo akishinda ataonyeshwa njia ya kutokea, na akishindwa ataliwa. Uso wa Gollum umefanyizwa kwa kompyuta juu ya uigizaji wa Andy Serkis, lakini ufundi huo wote watumikia maneno. Na yeyote aliyelelewa kwa kuitikia "tega" ajua kwa nini moyo humdunda.

Jackson hakosi udhuru. Kazi aliirithi baada ya mwongozaji Guillermo del Toro kujitoa 2010, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba hakupata wasaa wa kujiandaa, hata akawa anabuni mambo papo hapo wakati wa kupiga picha. Huyu ndiye aliyejitayarisha kwa miaka kadhaa kabla ya kuitengeneza The Lord of the Rings, ambayo sehemu yake ya mwisho ilitwaa tuzo 11 za Oscar mwaka 2004. Wenye mali, kwa upande wao, hawana sababu ya kutubu, kwani filamu hizi ziliingiza karibu dola bilioni 3. Basi wewe msomaji, ukizipata, itazame ile ya kwanza hata Bilbo atoke pangoni, kisha zima, ukakitafute kitabu.