Gome la soget na seli za maabara

Mwandishi, makala yako kuhusu gome la soget na saratani ni tamu, ila neno "tiba" umelirukia mapema. Gome hilo, ambalo Wakikuyu huliita muthiga, tunalitafuna huku Kericho kwa kikohozi. Ule ukali unaowasha ulimi unatokana na kemikali ya poligodiali, na ni kweli maabara zimeona ikiua fangasi wa Candida. Lakini hata spiriti huua seli za saratani kwenye sahani! Swali ni kama seli zenye afya zinasalimika.

Mfano upo: miaka ya 1970 Wamarekani walivuna mmea wa Maytenus kwa tani kule Shimba Hills, wakitafuta maitansini, kemikali waliyotumaini ingetibu saratani. Kwa wagonjwa, sumu ilizidi faida. Ni mwaka 2013 ndipo dawa iliyotokana nayo, ikiwa imebebwa na kingamwili, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Bomet, chakula kikianza kukwama kooni, huenda ni saratani, nendeni hospitali ya Tenwek kwanza. Msingoje sufuria ya gome iishe.

Na watafiti uliowataja kwenye makala, dondoo lao walilitoa kwa methanoli au kwa maji? Kogo zetu, yaani bibi zetu, huchemsha kwa maji.